Pazia Katikati ya Kitanda

Waliokuwepo siku ile nitawataja wote, asije mtu akasema nimetunga. Alikuwepo mume wangu Lusekelo, ameketi karibu na mlango, fimbo yake ya kutembelea kaibana kati ya magoti. Alikuwepo shangazi yake, Shangazi Tumpe, ambaye ndiye aliyeongoza shughuli, kwa sababu hakuna shughuli ya ukoo ule inayothubutu kwenda bila yeye. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Zawadi na Baraka, waliosafiri kutoka Igowole na gunia la viazi, kana kwamba sisi wa Mbeya hatujawahi kuona kiazi. Alikuwepo Mama Atupele, nesi mstaafu, aliyekuwa mwenye nyumba wetu zamani kule Mwanjelwa. Sasa macho yake yamefifia, lakini masikio yake bado yanasikia sufuria ikiungua nyumba ya tatu. Na alikuwepo baba mkwe wangu, amelala kitandani nyuma ya pazia, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Mbalizi. Jina lake silitaji. Watu wa Rungwe watanielewa, wengine mtanivumilia. Nimekuwa mke wa mwanawe kwa miaka ishirini na nne, na mpaka siku ile nilikuwa nimemwona usoni mara moja tu, kwa makosa.

Kwa ukoo wa mume wangu, kama ilivyokuwa kwa Wanyakyusa wengi wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Yeye akija njia hii, wewe unaingia kwenye migomba mpaka apite. Hamketi chumba kimoja, hamli pamoja, hamzungumzi ana kwa ana, na jina lake hulitamki. Vijana wa siku hizi wanacheka wakisikia, na mimi nilicheka pia nilipoambiwa mara ya kwanza, mpaka ukaja mwaka ambao nilihitaji mikono mingine miwili ya kunisaidia kumnyanyua mume wangu, na Mungu akaniletea mikono ya mtu pekee katika nchi hii nzima ambaye sikuruhusiwa kumwona.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Tulipanga vyumba viwili kwa Mama Atupele, si mbali na soko la Mwanjelwa. Chumba cha mbele kilikuwa na mlango wa barazani, na cha nyuma, tulimolala, kilikuwa na mlango wake wa kutokea uani. Milango hii miwili naomba muikumbuke, maana bila hiyo tusingeishi wiki. Mimi niliuza viazi sokoni. Lusekelo alikuwa fundi redio, mtu mrefu, mwenye maneno mengi, ambaye aliamini kuwa hakuna redio mbovu duniani, kuna redio iliyokosa mtu wa kuisikiliza. Mwezi wa tano alianza kulalamika mgongo. Tukalaumu kigoda chake cha kazini, tukanunua kiti chenye egemeo. Mwezi wa nane aliinuka kwenye kiti hicho kipya ili ampokee mteja, miguu ikakataa. Alicheka kwanza. Akasema, “Faraja, njoo uone, miguu yangu imegoma kama wanafunzi.” Kisha akajaribu tena, na safari hii hakucheka.

Hospitali walisema ni TB ya uti wa mgongo. Daktari alituchorea mgongo kwenye karatasi, akatuonyesha mfupa ulioliwa na mahali mishipa ilipobanwa. Vidonge kila asubuhi kwa mwaka mzima, bila kuruka hata siku moja. Miguu inaweza kurudi, alisema, polepole, kama mtu anayerudi nyumbani kwa aibu. Lakini alinishika bega tulipokuwa tunaondoka, mvua za kwanza zimeanza, akaniambia neno ambalo nililibeba mwaka mzima: mgonjwa wa aina hii mara nyingi hauawi na mgongo, anauawa na kidonda cha kulalia. Nisiache kikaota. Kikiota, nisiache kikakua.

Kiliota wiki ya tatu, kitanda chake tukiwa tumekihamishia chumba cha mbele. Mama Atupele alikuwa amenifundisha kila kitu: kumsafisha, kumkausha, kumbadilishia, kumgeuza kila baada ya saa mbili mchana na usiku, leo ubavu wa kulia, halafu wa kushoto, halafu chali. Aliniandikia saa kwenye karatasi, nikaibandika ukutani. Shule niliiacha mapema ili wadogo zangu wapate kula, lakini karatasi ile niliisoma kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote. Kosa langu halikuwa saa. Kosa langu lilikuwa viazi. Miaka yote nilikuwa nimezoea magunia, na gunia ukiwa peke yako hulinyanyui, unalishika masikio unaliburuta. Ndivyo nilivyomgeuza mume wangu: nilishika shuka upande mmoja nikavuta. Ngozi ya mgongoni, ambayo ilikuwa haimpi tena mwenyewe habari ya maumivu, ikachubuka. Siku Mama Atupele alipoinua shuka akaona kile kidonda, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, hakunifokea. Alivua miwani akaifuta. “Binti yangu,” alisema, “huyu si gunia. Huyu ananyanyuliwa. Na kunyanyua mtu mrefu hivi ni kazi ya watu wawili.”

Watu wawili nisingeweza kuwapata kila baada ya saa mbili. Majirani walikuja siku za mwanzo, na Mungu awabariki, lakini jirani naye ana jiko lake. Wadogo zangu walikuwa Igowole kwa bibi, wanasoma. Kwa hiyo Mama Atupele akawa mtu wa pili, akilalamika kila mara kwamba sisi ndio serikali pekee inayomrudisha mstaafu kazini bila barua.

Ndipo Shangazi Tumpe alipofika, na nyuma yake baba mkwe. Mama mkwe alikwisha kufariki kabla sijaolewa; shangazi ndiye aliyekuwa sauti ya ukoo. Mimi nilikuwa najua juujuu tu kuhusu ile heshima. Harusi yetu ilifungwa kwetu Igowole, na baba mkwe hakuonekana, na ingawa Lusekelo alinieleza ni desturi, nilimjibu kwamba ni dharau: yatima, hana elimu, anakuja na wadogo wawili mgongoni, nani atamfurahia? Basi siku ile niliposikia hodi barazani nilitoka mbio na taulo begani, nikamwona mzee mrefu amesimama na kofia yake, mkungu wa ndizi miguuni na furushi la majani ya mgomba kwapani, na mafunzo yote ya kwetu yakanirudia kwa wakati mmoja. Kwetu mkubwa unamsalimu kwa adabu zote. Nilipiga magoti, nikaunyakua mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikainua macho, nikasema, “Kamwene, baba!”

Sijawahi kuona mtu wa umri ule akiruka vile. Alijivua kofia akajifunika uso, akageuka, akaingia kwenye kamba ya nguo, akatoka upande wa pili na shati la mwanawe kichwani, akaendelea kwenda mpaka nyuma ya banda la kuku. Nilibaki nimepiga magoti. Ndani, Lusekelo ambaye aliona yote kupitia mlango ulio wazi, alikuwa anacheka mpaka kitanda kinalia. “Umemfukuza baba yangu! Ametembea toka Rungwe na ndizi, umemfukuza kwa salamu!” Shangazi hakucheka. Aliniinua kwa kiwiko. “Kwa hiyo hukufundishwa,” alisema.

Aliingia, akainua shuka, akakiona kidonda. Akaona pia chombo cha mkojo, na ule mkojo uliokuwa rangi ya machungwa, akapiga yowe kwamba mtoto wao anakojoa damu. Ilibidi Mama Atupele aje kueleza kwamba ni vidonge vinavyofanya hivyo. Lakini kidonda hakikuwa na maelezo. Shangazi aliketi kwenye kile kiti chenye egemeo, akatoa hukumu bila kupandisha sauti. Mtoto wao atarudishwa Rungwe, kwa wanawake wa ukoo, wanaojua kuuguza. Mama Atupele akasema barabara zile zitamvunja mgongo kabisa. Wakavutana. Mwishoni shangazi akakubali kungoja: “Mpaka mahindi yatoe mbelewele kileleni. Nikirudi nikute kidonda kimefunga, atakaa. Kikiwa wazi, hata kama kidogo kama punje ya ulezi, tunambeba kwa machela. Na wewe, mama, utarudi kwenu ukapumzike.” Kupumzika. Mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza. Kutoka nyuma ya banda la kuku tulisikia sauti nzito ikisema kwamba yeye hataondoka, atalala popote.

Mama Atupele alimpa stoo ya uani, na maisha ya ajabu yakaanza. Mzee alikuja zamu yake kwa kukohoa. Kikohozi cha kwanza barazani, maana yake nimefika. Cha pili mlangoni, maana yake naingia. Mimi kati ya cha kwanza na cha pili ilinibidi niache nilichoshika, nitoke kwa mlango wa nyuma. Nimekimbia na mwiko wa ugali mkononi. Nimekimbia na nywele nusu zimesukwa. Zamu yangu ikifika niligonga sufuria, naye akatoka kwa mlango wa mbele. Alikuwa akimkanda mwanawe miguu na kulalisha chini yake yale majani ya mgomba, yaliyolainishwa juu ya moto, laini na ya baridi kuliko shuka lolote. Mama Atupele aliyachunguza, akaamuru tu yaoshwe vizuri kwanza. Chakula nilimpelekea kwa kukiacha kwenye kiti cha katikati ya ua, kama mtu anayetega ndege. Na kila alfajiri, saa ambayo malori ya viazi yanafika sokoni na mimi sina budi kuwepo, yeye ndiye aliyechukua zamu. Sikumwomba. Niliamka siku moja nimechelewa, nikakuta kikohozi kimeshafika barazani.

Lakini kwenye kunyanyua, mtu wa pili alibaki Mama Atupele, zamu zangu na zamu za mzee. Wiki ya pili mgongo wake ukakatika. Alilala chumbani kwake akituma matusi ya kinesi kupitia ukutani, na jioni ileile mvua ikashuka. Mnajua mvua ya Mbeya kwenye bati: hata ukiita jina lako mwenyewe hulisikii. Lusekelo alikuwa amejichafua, shuka limelowa, kidonda kimelowa. Niliingia kwa nyuma na maji ya moto. Mzee alikohoa mbele, mara mbili kama kawaida, sikusikia, akaingia. Tukakutana kitandani, mgonjwa katikati. Mzee alivuta taulo kwenye msumari, akajitupia kichwani, akasimama ameupa ukuta uso. Mimi nilijifunika khanga. Tukakaa hivyo. Mvua inapiga. Lusekelo akatutazama, taulo huku, khanga kule.

“Basi mmekutana,” alisema. “Mbona radi haijapiga?”

Nilizidi kuivuta khanga.

“Baba,” akasema tena, na safari hii sauti haikuwa ya mzaha, “kimelowa. Kile kidonda. Nageuzwa au nangoja mvua iishe?”

Mzee aliongea na ukuta. “Mwambie mwenzio ashike pembe za shuka upande wake. Na mimi nitashika za kwangu. Atazame chini.” Akarudi kinyumenyume, taulo kichwani, akipapasa mpaka akagusa kitanda. Tulinyanyua. Yeye alinyanyua kwa “mbili” na mimi kwa “tatu”, na Lusekelo akabingirika mpaka ukingoni mwa kitanda. Lakini hakuburutwa.

Kesho yake, Lusekelo akielekeza kwa bisibisi kama mkandarasi, mzee alifunga waya wa antena kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa ukuta wa pili, ukapita juu ya kitanda kwa urefu wake. Kwenye waya ule nilitundika khanga zangu mbili zilizounganishwa. Pazia lilishuka mpaka juu kidogo ya mgonjwa. Upande mmoja mimi, upande wa pili baba mkwe, chini Lusekelo, pua yake ikiguswa na pindo. Nilichoweza kuona cha baba mkwe ni mikono tu. Kwa miezi saba niliisoma mikono ile. Kucha ya gumba la kulia ilikuwa imepasuka katikati na kuota mistari miwili. Kulikuwa na kovu la panga kwenye kiganja. Ilikuwa mikono mikubwa, inayoshika shuka polepole kama mtu anayeogopa kuliamsha.

Kuhesabu kulitushinda, kwa hiyo mzee akaleta njia yake. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuna kitu alichokiamini kama neno la mwisho la sala. Akasema tutaomba, na tukifika “Amina” tunanyanyua. Ile ya kwanza ilikuwa fupi: “Bwana, tupe nguvu. Amina.” Hop, mgonjwa akapaa kama chapati. Ikawa ndiyo desturi, kila baada ya saa mbili. Lusekelo alilalamika kwamba hata maiti haiombewi hivyo. Lakini siku ya tatu au ya nne sala ilianza kurefuka. “Bwana, tunakushukuru kwa chakula cha mchana. Wewe unajua kwamba kande zilikuwa na chumvi nyingi, lakini sisi hatulalamiki. Amina.” Nilinyanyua kwa hasira hata upande wangu ukapanda kuliko wake.

“Baba,” Lusekelo aliuliza toka chini, “hiyo ni sala au barua?”

Zamu iliyofuata niliomba ruhusa kwa Lusekelo nami niombe. “Bwana,” nilisema, nimefumba macho na kushika shuka, “chumvi ilimwagika kwa sababu kuna mtu alikohoa ghafla mlangoni. Mfundishe kukohoa kidogo kidogo. Amina.” Pazia lilitikisika. Nilidhani ni upepo. Kumbe mzee alikuwa anacheka bila sauti.

Hivyo ndivyo tulivyoongea, miezi yote ile, kwa kupitia juu. Hatukuvunja desturi, hakuna desturi inayokataza mtu kumweleza Mungu habari za nyumbani. Kwa sala nilijua kwamba anapenda ndizi zisiivishwe sana, kwamba stoo inavuja kona ya kushoto, kwamba ana wasiwasi na ng’ombe wake mwenye mimba. Kwa sala alijua bei ya viazi, na kwamba Zawadi amefaulu mtihani. Wateja wa redio walipitia mlango wa mbele, maana Lusekelo alikuwa amerudia kazi, amelala ubavu, kifuani ana redio iliyopasuliwa matumbo na mkononi kile chuma cha moto cha kuyeyushia risasi, kilichonitobolea mablanketi mawili. Mteja mmoja alitukuta katikati ya sala, akavua kofia, akanong’ona, “Amefariki saa ngapi?” Marehemu akamjibu kwamba redio yake iko tayari, alete betri.

Isije ikaonekana yalikuwa maziwa na asali. Ziko siku Lusekelo aliusukuma uji ukamwagika, akaniambia niende zangu nikaolewe na mtu mwenye miguu. Ziko siku nilijibu nitakwenda. Kuuguza mume si kama kuuguza mtoto. Mtoto hakumbuki wakati alipokuwa anakubeba wewe. Nilinuka dawa na mkaa, nilisinzia sokoni nimeegemea mzani, na kidonda kilifunga robo kwa siku tano na kufunguka kwa siku moja. Asubuhi moja kilikuwa kimekuwa chekundu tena ukingoni, na mahindi ya jirani yalikuwa yameshafika kifuani. Nililia nikiwa nimeshika shuka, machozi yakidondokea majani ya mgomba. Upande wa pili mikono ile ilitulia. Halafu mzee akaanza.

“Bwana, kuna mtoto hapa anadhani sikwenda harusini kwake kwa dharau. Anadhani ni kwa sababu ya uyatima wake, na shule aliyoiacha. Wewe unajua nilikuwepo. Nilikaa ndani ya gari nje ya kanisa la Igowole, vioo nimepandisha, nikasikia nyimbo zote, maana sikuruhusiwa kumwona bibi harusi. Na bibi harusi mwenyewe akasema, ‘Mpelekeeni dereva sahani, naye ni mtoto wa mtu.’ Wali na kipaja cha kuku, Bwana. Hapo nilikuambia, mwanangu amepata mke. Sijabadili neno. Amina.”

Hatukunyanyua. Ile ndiyo mara pekee. Nilikuwa nimemkumbuka yule dereva aliyekataa kushuka. Lusekelo alisubiri, akasubiri, kisha akasema, “Amina imeshapita, jamani. Mimi bado niko hapa chini.”

Nilikwenda Igowole siku mbili tu mwaka ule, bibi alipougua. Mama Atupele alikuwa amepona mgongo, akanishikia zamu. Jikoni kwa bibi, moshi na chai na viazi vya kuchemsha, bibi aliyekwisha kupata nafuu mara tu aliponiona aliniuliza baba mkwe wangu ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ana kucha ya gumba iliyopasuka. “Na sura?” Nikasema sijui. Bibi alimenya kiazi akafikiri. “Wako wanawake wanaowajua wakwe zao sura,” alisema, “na hawajui kingine chochote. Rudi kwako.”

Mahindi yalitoa mbelewele. Shangazi Tumpe akafika na wanaume wanne na machela ya mianzi. Alilikuta pazia kwanza. “Hii ni nini? Mnashika shuka moja? Mkwe na mkamwana, kitanda kimoja?” Mzee alishika pembe zake za shuka. Nilisikia tu sauti yake upande wa pili: “Bwana, mpe dada yangu macho ya kutazama kinachotazamwa. Amina.” Na tukanyanyua, kwa pamoja, sawasawa, mgonjwa akageuka hewani kama mtu anayejigeuza mwenyewe usingizini. Shangazi alivaa miwani. Aliinama. Alibonyeza kwa kidole, akazunguka, akabonyeza tena. Palikuwa na kovu la waridi, limefunga, kavu. Alivua miwani. Kisha akasema, “Ndaga fijo, mama,” ahsante sana kwa lugha yao, na akaniomba chai ya watu watano. Machela yale tuliyafanya kichanja cha vyombo. Ninacho mpaka leo.

Wiki mbili baadaye, mzee akiwa katikati ya sala ndefu kuhusu ng’ombe, pazia lilipigwa teke. Si kubwa. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kiliinuka kikaugusa mji wa khanga, kikaanguka. Hakuna aliyetoa “Amina” siku ile, tulipiga kelele tu. Kufikia mavuno alikuwa anasimama akishika dirisha. Na mahindi yalipokwisha kupukuchuliwa, asubuhi ya baridi kali, mzee akaaga. Tulisimama mara ya mwisho pande mbili za pazia, na kitandani hapakuwa na mtu. Lusekelo alikuwa amekaa kwenye kiti.

“Bwana,” mzee alisema, “zamu zote za alfajiri, tangu ndizi ile ya kwanza mpaka leo, zilikuwa za huyu mtoto. Mimi nilimkopesha tu. Ziandike. Siku nikiwa mzee kweli, nitamdai. Amina.” Tukanyanyua shuka tupu, wote wawili, kwa mazoea. Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma ili apite kwa mlango wa mbele, nikachungulia penye kona ya nyumba nikaona mgongo wake, kofia na viatu vya mvua, ukielekea stendi.

Sasa amekuwa mzee kweli. Mwaka huu alianguka akikata mgomba, nyonga ikavunjika, na Lusekelo akasema analetwa kwetu. Nikauliza nitamgeuzaje mtu nisiyeruhusiwa kumgusa. Ndiyo sababu ya mkutano ule. Kwa ukoo wao desturi hiyo ina mlango wa kutokea, wazee wakikubali: baba mkwe anatoa ndama jike, mkamwana anatoa kitambaa, na anamlisha chakula kwa mkono wake mbele ya mashahidi. Shangazi Tumpe alisema maneno yaliyotakiwa, na mengine ambayo hayakutakiwa. Zawadi alikuwa ameshika kamera ya simu, analia tayari. Kisha shangazi akavuta pazia.

Nilitazama kwanza mikono, kwa kuogopa. Kucha ileile. Halafu nikapandisha macho. Alikuwa na uso mdogo kuliko nilivyodhani, pengo mbele, na macho ya Lusekelo kabisa. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayelinganisha.

“Kumbe u mfupi hivi,” alisema. “Miaka yote nilidhani u mrefu. Sauti yako ni ya mtu mrefu.”

Nilipiga magoti, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili. “Kamwene, baba.”

“Kamwene,” alijibu, na hakukimbia, ingawa Mama Atupele alisema ni kwa sababu ya nyonga tu. Nilimlisha kande. Alitafuna, akameza, akafumba macho, na wote tukajua kinachokuja. “Bwana,” alianza, “chumvi…” Kicheko hakikumwacha amalize.

Alfajiri iliyofuata niliweka maji ya chai motoni, nikamwamsha Lusekelo, tukasimama pande mbili za kitanda, shuka mkononi. Hapakuwa na kitu katikati. Mzee alitutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, akiwa ameridhika kama mwenye shamba. Akaomba kwa ajili ya mvua, ng’ombe, wadogo zangu kwa majina, sisi tukingoja Amina.

“Na huyu mkamwana wangu, Bwana, leo ananilipa zamu moja,” alisema mwishoni. “Zilizobaki ni nyingi, unazijua wewe. Asiharakishe. Amina.”

Tukanyanyua.